Nyama Inapimwa, Silinda Zetu Je?

Ukienda buchani kununua nusu kilo ya nyama, inawekwa kwenye mizani mbele ya macho yako, na mizani ile ina stika ya Wakala wa Vipimo. Ukipeleka kitambaa kwa fundi cherehani, anakupima kwa futikamba kabla hajagusa mkasi. Lakini injini ya gari, ambayo ndiyo unga, ada na kodi ya nyumba, tunaipeleka gereji na inapimwa kwa ncha ya kidole. Fundi anaingiza kidole kwenye silinda, anakizungusha, anasema: "Hii bado nzima, bosi. Tunabadilisha ringi tu." Hapo ndipo msiba wetu unapoanzia.

Sisi ni madereva wa teksi, ni wenye kirikuu za kubeba mboga kutoka soko la Mabibo, ni wenye Noah za kupeleka watoto shule, ni walimu walionunua IST kwa mkopo. Injini ikichoka hatuna uwezo wa kununua nyingine, kwa hiyo tunaifumua na kuifunga upya. Tunakopa kwenye vikoba, tunalipia ringi, beringi, gasketi na ufundi. Gari linatoka gereji linanguruma vizuri, tunashukuru. Wiki mbili hazipiti, moshi wa bluu unaanza kufuka nyuma. Ukichomoa stiki ya oili, ncha yake ni kavu. Galoni ya oili sasa inasafiri nasi kwenye buti kama abiria wa kudumu.

Tukirudi kwa fundi, jibu la kwanza ni: "Subiri, ringi bado hazijakaa." Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana limekuwa maficho mazuri. Ringi mpya kweli zinahitaji kusuguana na ukuta wa silinda mpaka zishikane nao, na katika siku za mwanzo injini inaweza kula oili kidogo. Lakini ulaji huo unapaswa kupungua kadiri kilomita zinavyoongezeka. Kama umefika kilomita 1,000 au 2,000 na moshi ni uleule, au umezidi, kusubiri hakutibu kitu. Tena mafundi wengine wanaiwasha injini iliyofungwa upya na kuiacha iungurume kutwa nzima palepale gereji, wakiamini wanailainisha. Wanaiharibu. Ringi hukaa kwa msukumo wa gesi injini inapofanya kazi, na injini isiyobebeshwa mzigo huacha utando unaong'aa kwenye silinda, ringi zikawa zinateleza tu. Jibu la pili ni "weka oili nzito." Hapo ugonjwa unafunikwa shuka, na gari linaendelea kuumwa.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba ugonjwa huu unapimika, na vipimo vya mwanzo ni vya bei ndogo. Rangi ya moshi inasema: bluu ni oili, mweusi ni petroli nyingi, mweupe mzito usiokoma ni maji ya rejeta. Wakati wa moshi nao unasema. Moshi ukitoka asubuhi unapowasha tu, kisha ukakatika, shaka ya kwanza ni sili za vali, maana oili imechuruzika usiku kucha. Ukishuka mteremko kama wa Kitonga umeachia mafuta, kisha ukikanyaga tena likatoka wingu, tazama sili na gaidi za vali. Moshi ukitoka kila unapovuta mzigo kupanda mlima, tazama ringi na silinda.

Baada ya hapo inapimwa kompresheni, silinda moja moja, kwanza kavu, kisha kwa kutia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi. Kipimo kikipanda sana baada ya oili, ringi na silinda hazizibi. Kisipopanda, tafuta kwenye vali au gasketi. Na kompresheni ikiwa nzuri huku moshi upo, fundi asijipongeze: inaweza kuwa ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, imekwama au imefungwa vibaya. Tena kabla ya kufumua chochote, ikaguliwe vali ya PCV inayopitisha hewa chafu ya injini. Ikiziba au ikiharibika, oili inavutwa moja kwa moja kwenda kuungua. Wangapi kati yetu tumefumuliwa injini mara ya pili bila mtu kuigusa vali hiyo?

Kosa kubwa, hata hivyo, huwa limefanyika siku ya kwanza. Silinda huliwa zaidi juu kuliko chini, na huacha kuwa duara kamili. Kidole hakiwezi kuhisi tofauti ya sehemu chache za mia za milimita, lakini ringi inaihisi. Silinda iliyolika inatakiwa kuboliwa na kuwekewa pistoni na ringi za ovasaizi, milimita 0.25 au 0.50 kwa mfano, kisha ukuta wake uchorwe mistari ya kukatana ili ushike oili na kuzikalisha ringi. Mianya ya ringi ipimwe kwa fila geji na isipangwe mstari mmoja, alama ziangalie juu. Ringi mpya kwenye silinda iliyoliwa ni kofia mpya kwenye paa linalovuja.

Na spea? Boksi limeandikwa orijino, lakini sili ya vali inakauka na kukatika kabla ya mwaka. Muuzaji anasema kosa ni la fundi, fundi anasema kosa ni la spea, sisi katikati tunanunua oili. Oili hiyo inayoungua inaua pia plagi na kuziba masega ya ekzosi, halafu watoto wanaosubiri daladala kituoni wanavuta moshi wetu.

Hatuwachukii mafundi. Wengi walijifunza chini ya mwembe kwa kumtazama mkubwa wao, na maikromita ni ghali. Na sisi pia tumewabana bei mpaka kipimo kikawa cha kwanza kuachwa. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo ufike mpaka kwenye gereji za mitaani, uje pamoja na vifaa vya kupimia vya kukodi. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani zizifuate spea bandia madukani, zisisubiri sisi tuzigundue kwa moshi.

Nawe mwenye gari, kabla hujatoa hela ya kufumua injini, kubaliana na fundi kwamba atakupa karatasi yenye mambo matatu: kipenyo cha kila silinda juu na chini, mwanya wa ringi, na kompresheni baada ya kufunga. Dai pia vifaa vyako vya zamani, risiti ya spea, na muda wa dhamana ulioandikwa. Fundi asiyeweza kukuandikia namba hizo hajapima, na ambaye hajapima hastahili kulipwa kama aliyepima.