Kitabu Kifunguliwe Kengeleni

Aghalabu wanafunzi wa Kaloleni wapelekwapo ziara ya Mombasa huonyeshwa kivuko na uwanja wa ndege. Njiani hupita Rabai, walikopata makao watumwa waliokombolewa, na hakuna awaambiaye neno. Ilhali James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alituachia “Uhuru wa Watumwa” (1934), kitabu kilichosomwa na wazee wetu shuleni. Na kengele ya Freretown, kijiji cha hadithi hiyo, iliyopigwa kuwaonya wakazi wavamizi wajapo, ingali pale Kengeleni. Walimu wenzangu, kifungueni kitabu hicho mbele ya kengele hiyo. Huenda mtoto akauliza mbona Waingereza wamesifiwa mno kitabuni. Na aulize. Swali hilo ndilo faida ya safari.