Maziwa ya Ng'ombe Aliye Dawani

Katika nyumba nyingi, Kilimanjaro hata Kiambu, ng'ombe wa maziwa ni kazi ya mama. Ndiye anayekata majani, ndiye anayekamua. Basi kiwele kikivimba na kuwa cha moto, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Mithali 12:10 inamhesabu mwenye haki kuwa mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Kujali huko ni kumwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, si kungoja mchinjaji apite. Matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi uone kama yana mabonge. Chuchu inayougua ikamuliwe mwisho, kisha nawa kwa sabuni. (Maziwa hayo usiyamwage bandani, utaeneza vijidudu.)

Sindano imeshachomwa, ng'ombe ametulia, maziwa yamerudia weupe wake. Hapo ndipo penye jaribu, maana ada ya shule inangoja na jirani amekuja na chupa ya mtoto. Lakini dawa bado imo, na kuchemsha hakuiondoi. Mtu anayedhuriwa na penisilini aweza kutokwa na vipele au kuvimba uso, naye hakujua alichokunywa. Siku za kungoja hutofautiana dawa na dawa. Zimeandikwa kwenye chupa ya dawa. Muulize daktari, uzitie alama kwenye kalenda ya ukutani.

Jirani naye mwambie sababu waziwazi, apate kununua kwingine mpaka siku hizo ziishe.