Wacheni Mashine Ijaze Fomu

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sijawahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja. Lakini kuna walimu wamenitumia pesa kwa simu niwaandikie maazimio ya kazi ya muhula mzima, na yakapigwa muhuri bila swali.

Siku hizi walimu hao wanatumia akili unde. Dakika tatu, azimio tayari. Kibarua changu kimeenda, na silalamiki. Kinachoniudhi ni nyinyi mnaosema mwalimu anayetumia mashine ni mvivu.

Mvivu aje? Mwalimu wa Kenya ana azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, TPAD, halafu alama za kupakia kwa mtandao wa KNEC. Mamangu ni mwalimu wa msingi. Saa tano usiku bado ameinamia simu, bando ni lake, na madaftari ya watoto hayajaguswa.

Kitu kimoja tu asiipe mashine: maoni kuhusu mtoto. Mashine haijui nani analala darasani kwa sababu hakula jana. Na majina ya watoto yasiingizwe humo.

Hayo mengine yote, ijaze. Halafu wakubwa wajiulize: karatasi ambayo mtu kama mimi aliiandika bila kujua darasa lina watoto wangapi, ilikuwa inamsaidia nani? Kama hakuna jibu, ifutwe. Mamangu apumzike.