Nani Kawaambia Mwandishi Lazima Awe Rafu?

Jamani, leo nimekuja kugombana. Mhariri alitaka sura ya pili ya riwaya yangu, lakini kuna jambo limenikwama kooni na nisipolitema sitaandika kitu. Jambo lenyewe ni hili: sisi vijana tunaojiita waandishi tunavaa vibaya. Tena tunavaa vibaya makusudi, halafu tunajisifia.

Pitia kijiwe chochote tunachokutana kusomeana kazi zetu. Utamkuta mshikaji nywele hazijaona kitana tangu mwezi uliopita, shati limepungukiwa vifungo viwili, kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu, daftari kwapani. Muulize vipi. Atakwambia akili yake iko kwenye mambo makubwa, hana nafasi ya nguo. Akitokea mwenzetu aliyenyoosha shati lake, basi kicheko: bishoo huyo, atatuandikia nini? Kana kwamba pasi ikipita kwenye kola inaunguza na ubongo.

Nasema haya kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao, tena kiongozi. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nilitembea hivyo hivyo. Nilikuwa sina hela, nikaona haya kusema sina hela, nikasema mimi ni msanii.

Mwaka jana nikamaliza riwaya yangu ya kwanza. Kaunta buku tatu kwa mkono, nikamlipa kijana wa steshenari akanichapia. Siku ya kuipeleka kwa wachapishaji (jina lao nalihifadhi) ndipo nikagundua kwamba sina nguo ya kuvaa. Nikaazima koti la binamu yangu, ambaye ananizidi kimo na kifua. Mikono ikanifunika vidole. Suruali ilikuwa yangu mwenyewe, ila ya tangu shule, inaishia juu ya vifundo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ile yangu haikusitiri hata mabega, yalielea humo ndani kama kopo kwenye ndoo. Ilikuwa Februari, na koti ni la nchi za baridi. Nilifika mapokezi nimelowa. Dada aliyekaa pale akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Kaka, umetumwa na mwandishi?"

Ndugu msomaji, nilijibu, "Ndiyo, dada."

"Basi mwambie aje mwenyewe, kuna fomu anatakiwa asaini."

Nikasema nitamfikishia. Nikarudi Buguruni na bahasha yangu kwapani, na kwenye daladala nilikuwa namkasirikia yule dada mpaka tulipofika Ilala. Baada ya hapo nikashindwa. Dada alikuwa ameuliza tu. Koti halina mdomo. Aliyesema ndiyo ni mimi, kijana niliyekesha miaka mitatu kwa ajili ya kitabu kile, na nilisema ndiyo kwa sababu ndani ya koti la mtu sikuweza kusimama nikasema mwandishi ni mimi.

Sasa wewe endelea kuniambia kwamba nguo si kitu.

Ukitangaza kwamba umeamua kuvaa vizuri, watu wa aina mbili watakuvamia. Wa kwanza ni wale wa majina. Hao watakushauri ukope, ununue raba yenye jina kubwa, na hata kama jina lenyewe limekosewa herufi moja, eti mradi linasomeka kwa mbali. Sina mengi na hao. Mtu aliyevaa deni anatembea akitazama nyuma, na mwandishi anatakiwa atazame pembeni.

Wa pili ni wazee. Mjomba wangu aliponiona nimesimama mbele ya kioo alisema mwanaume hajipambi, huo ni uhuni. Shikamoo yake nampa kila asubuhi, lakini hapo sikukubali. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi vikapigwa marufuku. Mjomba wakati huo alikuwa kijana wa shule. Suruali yake ya kubana aliificha uvunguni mwa kitanda cha mama yake. Alituhadithia mwenyewe, kwenye harusi, akicheka. Wenzake waliitwa wahuni, na leo yeye ananiita mimi.

Mwalimu wangu katika jambo hili amekuwa marehemu baba, na ni kwa picha tu. Kuna picha ya mwaka 1984 ukutani kwetu, amesimama na Kaunda suti. Nilimuuliza mama baba alikuwa na nguo ngapi. Akasema Kaunda suti mbili, mashati matatu, kanzu moja. Mimi nilizihesabu fulana zangu: kumi na nne! Mzee alikuwa na nguo chache kuliko mimi na anapendeza kuliko mimi, na nimeitazama ile picha mpaka nikaiona sababu. Mshono wa bega umekaa juu ya mfupa wa bega. Suruali imegusa kiatu na kuishia hapo hapo. Zile suti zilikatwa na fundi aliyemzungushia futi mwilini yeye, si mtu mwingine.

Sisi tulikuja baadaye. Enzi za baba kulikuwa na vitambaa vya Urafiki, kiwanda cha pale Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa miaka ya 1980, mitumba ikamwagika. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutunyima nafuu ya soko lake, wengi tukalegea, Rwanda ikakaza na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Ugomvi huo siuamui hapa. Ninachosema ni kwamba shati la mtumba lilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu wa Ulaya au Marekani ambaye hukuwahi kumwona. Ukilivaa vile lilivyotoka kwenye belo, umeazima. Ni lile lile koti la binamu yangu. Linakuwa lako siku fundi anapoligusa, na hapo ndipo vijana wengi tunapokosea: tunanunua kumi, kwa fundi hatufiki.

Kwa hiyo mimi naenda Karume, lile soko lililoteketea kwa moto Januari 2022 na wenyewe wakarudi, naenda asubuhi mabelo yakifunguliwa. Sinunui shati linalonivutia rangi. Natazama mabega kwanza, kwa sababu bega ndilo linalomshinda fundi. Kiuno, urefu na mikono anaweza kupunguza, lakini ukimpelekea bega pana anakutazama kama mgonjwa aliyecheleweshwa. Nageuza kola nione kama imeliwa. Natazama kwapani. Nainua kitambaa kwenye mwanga, kikionyesha vidole vyangu narudisha. Natafuta pamba, maana kwa joto la Dar nailoni inakuumbua kabla ya saa nne. Nguo za ndani sigusi. Zile za mtumba Shirika la Viwango limezipiga marufuku, na hata bila marufuku, jamani!

Shati la mwisho nilinunua shilingi elfu tatu, fundi akanitoza elfu mbili. Elfu tano, ndugu zangu. Nawajua washikaji wanaomaliza hiyo kwa sigara na soda wakati wanajadili mbona jamii haiheshimu waandishi. Fundi wangu ni mzee anayekaa kwenye baraza la duka na cherehani yake ya kukanyaga. Mara ya kwanza alinizungusha kama mbuzi mnadani, akaniambia, "Mwanangu, wewe bega la kushoto limeshuka. Unaandika sana au unabeba mizigo?" Miaka ishirini na nne nimeishi na bega hilo na sikulijua. Nilisikia raha ya ajabu, ya kutazamwa na mtu anayetaka kujua nilivyo kabla ya kukata.

Mengine ni kazi ya sabuni na ya kuamka mapema. Kiatu kimoja cha ngozi kinachopigwa rangi kinashinda raba tatu zilizoachama. Kifungo kikidondoka, sindano haijui mwanaume wala mwanamke. Pasi ya mkaa tunayo nyumbani, ila iteme majivu nje kwanza. Mimi nilijifunza hilo kwa shati jeupe.

Najua mtajibu. Mshairi mmoja wa kijiweni keshaniambia kwamba nimeuza imani, kwamba msomaji haoni shati la mwandishi. Ni kweli, haoni. Lakini kabla kitabu hakijamfikia msomaji, kuna geti, kuna mlinzi, kuna meza ya mapokezi, na kuna swali la upole ambalo unatakiwa kulijibu kwa sauti yako mwenyewe. Yeye mshairi hajafika pale. Mimi nilifika, nikajiita tarishi.

Jumatatu ijayo narudi. Bahasha iko tayari, suruali ipo chini ya godoro inajinyoosha, viatu vimekwisha pigwa rangi. Shati liko kwa fundi. Amesema nilifuate Ijumaa, na nyinyi mnazijua Ijumaa za mafundi, kwa hiyo kuanzia Jumatano nitakuwa nimekaa pale barazani kwake na kaunta buku mpya, naandika, mpaka anikabidhi.