Nyanya Hakurukwa na Akili, Ni Masikio

Najua wengi wenu huanzia ukurasa wa nyuma kwenye vichekesho na mafumbo. Leo nawaomba msubiri kidogo. Nina jambo lililonikaa rohoni tangu likizo ya Aprili mwaka jana, na mhariri amenipa ukurasa, kwa hivyo nitalitoa lote.

Kwetu ni Nyamira. Nyanya yangu, mamake baba, ana umri wa miaka 78 na ndiye aliyenilea kabla sijaanza shule. Alikuwa msemaji hasa. Kule sokoni alikokuwa akiuza ndizi walimwita "Redio", kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, jioni kijiji kizima kinayo. Basi nilipofika likizo nilimkuta kimya, ameketi pale nje kando ya jiko. Ukimwuliza, "Nyanya, umekula?" anakujibu, "Ng'ombe ameshakamwa." Sisi wajukuu tulicheka hadi mbavu zikauma. Tena mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji mkuu. Nilikuwa nikichezesha midomo bila kutoa sauti ili aseme "Eeh?" na wenzangu waanguke kwa kicheko. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye akaacha kujibu kabisa. Kanisani akaacha kwenda. Rafiki yake wa tangu usichana alipofariki hakulisikia tangazo redioni, akakosa mazishi, akalia siku mbili akidai kwamba tulimficha. Mara akasahau sufuria motoni ikaungua. Hapo ami yangu akatoa hukumu: mama amerukwa na akili. Majirani nao walikuwa na hukumu yao. Ati bibi huyu anaongea peke yake, ati ukimsalimu haitikii, ati ana jambo. Msomaji wa Mombasa au Nyeri huenda akacheka. Kwetu hilo si neno la kuchekea. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti jirani ya Kisii, akina nyanya wanne waliuawa na umati kwa kushukiwa kuwa wachawi. Huko Kilifi nako wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma kama hizo. Minong'ono ya majirani ndiyo mwanzo wake.

Shangazi yangu ndiye aliyekataa. Alimpeleka Nyanya zahanati moja ambapo aliulizwa maswali, akajibu mengine, akaandikiwa dawa za kumtuliza bila mtu kumtazama masikio. Sasa mimi nauliza: mtu ukimwuliza asichokisikia, si atajibu asichoulizwa? Na akijibu asichoulizwa, si utamwandika kuwa amepoteza fahamu? Shangazi hakuridhika. Hospitali ya pili walimulika masikio kwa kurunzi wakakuta nta imejaa na kukauka kama udongo wa kichuguu. Wakaitoa. Kisha wakamvisha vidude vya masikioni vya kupimia, wakagundua kwamba hata bila nta sauti nyembamba hazimfikii. Hizo ndizo zibebazo herufi kama s, f na t. Ndiyo sababu alimsikia ami mwenye sauti nzito lakini sisi watoto alituona tunachezesha midomo tu. Jamani! Wakati mwingine nilikuwa nachezesha kweli.

Niliporudi shuleni nilimsumbua mwalimu wetu wa Biolojia mpaka akanitafutia la kusoma. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojiviringa kama konokono, nacho kina seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Zikifa hazioti tena. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba sikio likidhoofika, hata kumbukumbu huwa hatarini. Mwaka 2011 Daktari Frank Lin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzake walitoa matokeo ya watu 639 waliofuatwa kwa karibu miaka 12. Hakuna aliyekuwa na ule ugonjwa wa kusahau uitwao dimenshia walipoanza. Waliopungukiwa kidogo na usikivu walipatwa na ugonjwa huo takriban mara mbili ya waliosikia vizuri, wa kiasi mara tatu, na wenye uziwi mkubwa karibu mara tano.

Kwa nini? Wataalamu wana maelezo kadhaa. Kwanza, ubongo usiopata sauti safi hutumia nguvu nyingi kukisia maneno, ukabaki na chache za kukumbuka. Pili, sehemu za ubongo zisizoletewa sauti huanza kusinyaa. La tatu nililiona kwa macho yangu: asiyesikia hujitenga, na upweke humla mtu. Aidha, huenda maradhi kama ya mishipa ya damu yanaharibu sikio na ubongo kwa pamoja. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani. Kupungua kwa usikivu ni mojawapo ya mambo mawili yaliyopewa fungu kubwa zaidi, asilimia 7.

Rafiki yangu mmoja wa bweni aliniambia, "Wacha wee, mzee ni mzee tu, hata umnunulie masikio mapya." Nakiri ana chembe ya ukweli. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani la watu 977 wa umri wa miaka 70 hadi 84. Nusu walipewa mashine za kusikia, nusu wakapewa mafunzo ya afya. Baada ya miaka mitatu, kwa jumla hapakuwa na tofauti. Ila wale waliokuwa hatarini zaidi tangu mwanzo, kudhoofika kwa akili zao kulipungua kwa asilimia 48. Kwa hivyo mashine si muujiza, na wala si kila kiziwi atakayesahau. Lakini kwangu asilimia 48 si kitu cha kutupwa.

Tatizo ni kwamba mashine moja hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na betri zake hupatikana mjini tu. Hilo siwezi kulitatua katika ukurasa huu. Lililo rahisi ni hili: kila mzee aendaye zahanati hupimwa presha, mara nyingine na sukari. Kwa nini pasiwe na mtu wa kumulika sikio, amnong'oneze maneno mawili kwa nyuma na kuona kama atayarudia? Kurunzi ni bei gani?

Nasi wenyewe tusijitie hamnazo. Kelele huua seli zile zile. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, nasi tunagombania viti vya nyuma vya matatu, chini ya spika. Na wale wanaolala na vidude vya simu masikioni (simu ambazo sheria za shule zimezikataza, na sisemi ni nani anazo) wajue hesabu inaendelea.

Nyanya alipata mashine moja kwa mchango wa familia, ya sikio la kulia. Siku ya kwanza alilalamika kuwa kuku wana kelele, na ya pili akamkaripia ami kwa jambo alilokuwa akilisema mbele yake kwa miezi akidhani hasikii. Kanisani amerudi. Bado kuna siku ananiuliza nimefika lini, namjibu, na baada ya saa moja ananiuliza tena. Namjibu tena, upande wa kulia.