Bei rahisi ya bima yaweza kumgharimu mnunuzi

Neno 'rahisi' katika Kiswahili hubeba maana mbili: kisicho na bei kubwa na kisicho na ugumu. Siku hizi maana hizo mbili zimekutana katika biashara ya bima. Mwenye gari halazimiki tena kuzunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine jijini akiulizia bei. Hufungua tovuti katika simu yake, akaandika aina ya gari, mwaka lilipoundwa na thamani yake, na papo hapo akaorodheshewa kampuni kadhaa, ile ya bei ya chini ikitangulia. Hulipa kwa M-Pesa, akapokea cheti kabla chai yake haijapoa. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu huyo amelinganisha nini hasa?

Mwaka jana mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye zamani nilimfundisha, alinijia na mkataba wake wa bima mkononi. Alikuwa amenunua bima kamili kupitia tovuti ya aina hiyo, akachagua kampuni iliyomwokolea Sh4,500 ikilinganishwa na iliyoifuata. Gari lake lilikuwa na thamani ya Sh700,000. Miezi michache baadaye aligonga mlingoti wa lango, na fundi akadai Sh42,000. Kampuni ilikubali dai lake, lakini ikamlipa Sh7,000 pekee. Aliniuliza, "Daktari, wewe ni mtaalamu wa lugha. Hebu nisomee hapa wameandika nini."

Niliusoma ukurasa ule mara tatu kabla ya kuuelewa, na mimi nina shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha. Ulisema kwamba katika kila ajali mwenye gari angejilipia mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara, sawa na asilimia 5 ya thamani ya gari. Asilimia 5 ya Sh700,000 ni Sh35,000. Kampuni ile nyingine, aliyoikimbia kwa sababu ya bei, ilitoza asilimia 2.5, yaani Sh17,500. Huko angelipwa Sh24,500. Kwa hivyo aliokoa Sh4,500 mlangoni, akapoteza Sh17,500 dirishani. Hakuna aliyemdanganya. Kila neno lilikuwemo katika mkataba, ila halikuwemo katika jedwali alilolitumia kuchagua.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bima haifanani na kilo ya sukari, ambayo ni ileile dukani kwa huyu na kwa yule, ikabakia bei tu kuwa tofauti. Anayenunua bima hununua ahadi, na ahadi huundwa kwa maneno. Ukilinganisha bei za ahadi mbili bila ya kulinganisha maneno yake, hujalinganisha chochote.

Tuchukue mifano mingine. Mikataba mingi ya magari nchini haifidii hasara inayotokana na ghasia za kisiasa, isipokuwa mnunuzi ameongeza malipo kwa ajili hiyo. Anayekumbuka yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 2007, au maandamano ya Juni 2024, hatakiita kifungu hicho jambo dogo. Vilevile, gari lililokatiwa bima kwa matumizi ya kibinafsi halina kinga linapobeba abiria kwa malipo. Mwalimu anayejitafutia riziki ya ziada kwa kuendesha teksi ya mtandaoni siku za Jumamosi anaweza kujikuta hana bima siku anayoihitaji zaidi. Aidha, kuna anayeitaja thamani ya gari kuwa ndogo ili bei ishuke. Gari la Sh900,000 likiandikwa kuwa la Sh600,000, kampuni yaweza kulipa theluthi mbili tu ya hasara, hata hasara yenyewe ikiwa ndogo.

Yapo pia majibu tunayoyatoa wenyewe. Msingi wa sheria ya bima ni uaminifu kamili: mwombaji hutakiwa kueleza kila jambo muhimu analolijua. Zamani wakala aliketi nawe, akakuuliza kama gari liliwahi kupata ajali au kama wewe una ugonjwa wowote, nawe ungeweza kumwuliza maana ya swali. Sasa mtu hubonyeza visanduku kwa haraka ili aione bei. Kosa la kidole likageuka kuwa sababu ya dai kukataliwa.

Tovuti hizi zilipata umaarufu mkubwa nchini Uingereza, ambako Confused.com ilianza kazi mwaka wa 2002 na nyingine zikafuata. Tajiriba ya huko inafaa kutufunza. Kwa upande mmoja, ushindani uliongezeka na wanunuzi wakapata uwezo wa kuhama kampuni kwa urahisi. Kwa upande mwingine, mwaka wa 2014 taasisi inayodhibiti huduma za kifedha nchini humo ilizichunguza tovuti hizo, ikabaini kwamba wateja walivutwa mno na bei na majina ya kampuni, wakasahau kinga yenyewe inafidia nini. Pia ilidhihirika kwamba kampuni nyingi ziliwavutia wateja wapya kwa bei ya chini, kisha zikawapandishia wateja waaminifu mwaka baada ya mwaka. Tangu Januari 2022 tabia hiyo imepigwa marufuku huko katika bima za magari na za nyumba.

Hapa kwetu kuna hatari nyingine ambayo jedwali la bei haliwezi kuionyesha, nayo ni uwezo wa kampuni kulipa. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka wa 2005, na Blue Shield mwaka wa 2011. Kampuni inapoanguka, mwenye gari ndiye anayebaki akiandamwa na majeruhi aliyeshinda kesi mahakamani. Bei ya chini kupita kiasi yaweza kuwa ishara ya kampuni inayotafuta fedha za leo ili ilipe madeni ya jana.

Sisemi kwamba tovuti hizi zipigwe vita. Wenzangu wengine hudai kuwa zinapaswa kuachwa kabisa na watu warudi kwa mawakala. Siafikiani nao. Wakala naye hulipwa kwa kile anachokiuza, na wapo waliotoweka na fedha za wateja. Tovuti nazo, aghalabu, hujipatia kipato kutokana na mauzo, na hazina budi kuwaeleza wateja jambo hilo waziwazi. Tovuti inayomwezesha mtu wa Lodwar kuona bei zilezile anazoziona mtu wa Nairobi imeondoa dhuluma fulani. Hoja yangu ni kwamba kazi imefanywa nusu.

Nusu iliyobaki ni ya lugha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anazozilipia. Je, haki hiyo inatimizwaje ikiwa mkataba umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mwalimu hakielewi? Kampuni hizo hizo hututangazia bidhaa zao redioni kwa Kiswahili kitamu. Zinapotaka fedha zetu hutumia lugha yetu. Tunapodai fidia hutugeuzia lugha yao.

Mamlaka ya Kudhibiti Bima, yaani IRA, yaweza kulirekebisha jambo hili bila ya gharama kubwa. Iagize kwamba kila tovuti inayolinganisha bei za bima ionyeshe, kando ya bei na kwa Kiswahili na Kiingereza, mambo manne: hasara gani hazifidiwi, mteja atajilipia kiasi gani, gari linaruhusiwa kwa matumizi gani, na kampuni hulipa madai kwa muda gani. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu zina wataalamu wa istilahi na tafsiri walio tayari kuifanya kazi hiyo.

Nasi walimu tusikae tukingoja. Mkataba wa bima ni matini halisi yanayofaa kabisa kwa somo la ufahamu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeweza kueleza tofauti kati ya 'italipa' na 'inaweza kulipa' amejifunza sarufi, na pia amejikinga. Mwalimu aliyenijia ameanza kufanya hivyo darasani kwake, kwa kutumia mkataba uleule uliomtia hasara. Bima yake ilipokwisha alirudi katika tovuti ileile, lakini safari hii alisoma kwanza, akalipa Sh4,500 zaidi.