Njia Fupi Si Njia Nyepesi

Nahodha wa zamani hakung'oa nanga kwa kuwa safari ni fupi. Alitazama pepo kwanza, akajua miamba iliko, na akajua bandari ipi ina maji ya kunywa. Busara hiyo ndiyo imtakayo leo mtu anayekusudia kuvuka Marekani kwa gari-nyumba. Hilo ni gari mfano wa basi, lenye vitanda, jiko na choo ndani. Lile kubwa huwa na urefu wa mita 12 na zaidi, na kimo cha karibu mita 4. Wengi wa huko wakishastaafu husafiri nalo miezi, pamoja na wake na wajukuu zao.

Jambo la kwanza ni kutoitegemea ramani ya simu peke yake. Ramani hiyo aghalabu humhudumia mwenye gari dogo, hutafuta njia ya dakika chache, wala haijui paa lako liko wapi. Huko Durham, North Carolina, liko daraja la reli lililokuwa na nafasi ya mita 3.5 tu chini yake. Lilichuna mapaa ya malori mengi, hata likainuliwa mwaka 2019, na hadi leo nafasi hiyo haifiki mita 4.

Natutwae mfano wa safari ya kutoka Baltimore, mashariki, hadi Los Angeles, magharibi. Ukitazama karatasi, barabara kuu nambari 70 yakuvutia kwa kunyoka kwake. Lakini barabara hiyo hupanda milima ya Colorado hadi handaki la Eisenhower, lililo kwenye kimo cha mita 3,400, karibu mara mbili ya kimo cha Nairobi. Kuna mahali huteremka mita 7 kwa kila mita 100. Gari zito likishikiliwa kwa breki pekee katika mteremko kama huo, breki hupata moto na mwisho hazishiki. Mbele zaidi, katika jimbo la Utah, kati ya Green River na Salina, kuna kilomita 170 hivi zisizo na kituo hata kimoja cha petroli.

Iliyo nyepesi ni kuiacha barabara hiyo Hagerstown, kushuka kusini kwa nambari 81 hadi Tennessee, kisha kushika nambari 40 kupitia Nashville, Memphis, Oklahoma City na Albuquerque mpaka Barstow. Hata ikiwa ndefu kidogo, milima yake si mikali kama ile. Lakini nayo ina sharti zake. Amarillo pana upepo, na ubavu wa gari-nyumba ni kama tanga. Flagstaff huanguka theluji wakati wa baridi, na hapo heri kushuka kusini zaidi, kwa nambari 10. Na mteremko wa Cajon, kabla ya kuingia Los Angeles, hushukwa kwa gia ndogo na kwa utaratibu.

Tena njia hubadilika. Mahandaki ya bandari ya Baltimore hayaruhusu magari yenye mitungi mikubwa ya gesi ya kupikia, kwa hiyo wenye gari-nyumba walikuwa wakipita daraja la Francis Scott Key. Tarehe 26 Machi 2024 meli ililigonga daraja hilo likaanguka, na wafanyakazi sita wakafa. Mwenye kushika ramani ya kale atajikuta mbele ya maji. Sasa hana budi kuzunguka mji kwa upande wa magharibi.

Wazoefu wa huko wana kanuni yao: usizidi maili 300 kwa siku, fika kabla ya saa tisa alasiri, na utuapo, kaa siku tatu. Wenye haraka huicheka. Sisi twaiunga mkono. Dereva ameshika usukani peke yake, lakini nyuma yake amelala mtoto, na ameketi bibi mwenye magoti mabovu. Hao hawakuulizwa kuhusu milima. Kuwachagulia njia nyepesi ni haki yao juu yake, na haki hiyo hutimizwa nyumbani, ramani ikiwa mezani, kabla ya ufunguo kutiwa.